Kubishana siasa bila kugeuka shabiki: utaratibu gani unasaidia kweli?

Kibatari ameuliza:

Wakuu, salaam.

Naomba tuzungumzie ufundi wenyewe wa kubishana siasa, si siasa za upande wowote. Ushauri tunaopewa kila siku ni "acheni ushabiki, leteni hoja". Shida ni kwamba kila shabiki anaamini yeye ndiye mwenye hoja na mwenzake ndiye aliyepofuka. Mwambie awe mkweli, atakujibu kuwa ni mkweli tayari, na hatakuwa anakudanganya. Anaamini hivyo.

Ninachotafuta ni hatua ambazo mtu anaweza kuzifuata hata pale moyo unapomvuta kwa watu wake, iwe chama, kabila, dini au eneo. Hasa haya:

- Kabla ya kuanza kubishana, tukubaliane nini?
- Mtu atajuaje kwamba anatumia mizani miwili, kabla hajaambiwa na mwenzake?
- Pande zote mbili zikileta takwimu, na zote si za kughushi, tunazipimaje?
- Lini mtu aache, kwa sababu anayebishana naye hatafuti kujua?

Palipofanyiwa utafiti, tuelezeni ulionyesha nini. Natanguliza shukrani.

---

Mizani amejibu:

Ndugu Kibatari, uliposema nia haitoshi umegusa penyewe, na jambo hilo limepimwa. Mwaka 1984 Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston walichapisha jaribio lililohusu watu wenye msimamo mkali juu ya adhabu ya kifo, wengine wakiiunga mkono, wengine wakiipinga. Walisomeshwa tafiti mbili, moja ikionyesha kwamba adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha haipunguzi. Kundi moja liliombwa kuwa na haki kama hakimu anayepima ushahidi. Halikubadilika: kila mtu aliona utafiti unaompendeza ndio uliofanywa vizuri. Kundi jingine halikuombwa kuwa na haki. Liliambiwa lijiulize kila hatua: utafiti huuhuu, kwa njia hizihizi, ungekuwa umetoa jibu la upande wa pili, ningeusifu au kuukosoa vilevile? Kundi hilo upendeleo wake ulitoweka.

Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo jibu la swali lako la pili. Ombi la haki halimpi mtu kazi ya kufanya. Swali la kugeuza linampa.

Kwa vitendo lifanye hivi. Ukiletewa ripoti, usianze na hitimisho. Mwombe mtu alifunike, au ruka uende kwenye sehemu inayoeleza ilivyofanyika. Andika majibu matatu: waliohojiwa walipatikanaje, matokeo yamelinganishwa na nini, na nani hakuhesabiwa. Ipe alama. Kisha fungua hitimisho. Alama uliyoandika haibadiliki, hata likikuuma. Ukishindwa kulificha kwa sababu umeshalisikia, andika hukumu yako, halafu jifikirie umesoma jibu la kinyume na uandike hukumu ya pili. Ziweke sambamba usome maneno yaliyobadilika.

Kwa matendo ya viongozi, wengi hubadilisha majina tu: "angekuwa wa chama kile ungesemaje?" Jaribio hilo huharibika haraka, kwa sababu mtu hupata papo hapo sababu ya kusema hali si sawa. Mkuki ukiwa kwa nguruwe mtamu, sababu hazikosekani. Dawa ni kuandika kanuni kamili kabla ya kesi: "Kiongozi akifanya jambo hili, katika hali hii, anastahili hiki." Halafu tafuta matukio mawili ya zamani kutoka kila upande uyapitishe kwenye kanuni hiyo. Ikiwa inawaachia wa kwenu wote na kuwatia hatiani wa kwao wote, irudie upya. Utakuta mara nyingi umeingiza ndani yake neno moja lililowekwa kumwokoa mtu wako.

Na usidhani utahisi unapopendelea. Mwaka 2003 Geoffrey Cohen alichapisha majaribio ambapo watu walipewa sera ya misaada kwa familia maskini, ama ya ukarimu sana ama ya kubana sana, na kuambiwa chama chao kinaiunga mkono. Waliifuata, hata pale ilipokwenda kinyume na itikadi yao wenyewe. Walipoulizwa, walisema wameangalia maudhui ya sera. Kama kuna waliofuata chama, ni wengine. Nyani haoni kundule, na hapa ilipimwa.

Sasa swali lako la kwanza. Kabla ya yote, vunjeni dai. Chukua "serikali hii imeua elimu". Ndani yake mna madai manne: kuna kipimo kimeshuka (kipi?), kimeshuka tangu wakati fulani (lini?), serikali ndiyo sababu (kwa njia gani?), na kilichoshuka ndicho muhimu (kwa nini hicho?). Mawili ya kwanza yanajibiwa kwa rekodi. La tatu linahitaji kulinganisha na mahali ambapo serikali hiyo haikugusa. La nne halijibiwi kwa takwimu hata siku moja. Ni suala la kile mtu anachokithamini. Mabishano mengi hudumu saa nzima kwa sababu mmoja yuko kwenye la kwanza na mwingine yuko kwenye la nne, na kila mmoja anamwona mwenzake mbishi. Chagueni moja, liandikwe kwa sentensi moja yenye mhusika, muda na kipimo.

Baada ya hapo kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake kwa maneno yake, mpaka mwenye hoja akubali: ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Mwanahisabati Anatol Rapoport alilisisitiza sharti hili kwa wabishi wa kila aina. Linaloharibika hapa ni kurudia kwa sumu: "kwa hiyo unachosema ni kwamba wezi waachwe." Kipimo ni je, mwenyewe yuko tayari kuweka sahihi chini ya sentensi yako? Mkishindwa mara mbili, mwenye hoja aandike mwenyewe sentensi mbili, na mjadala uendelee juu ya hizo.

---

Darubini amejibu:

Nachukua la takwimu, maana hapo ndipo watu wawili wakweli hugombana bure.

Mwanzo wa kipimo. Mwamba ngoma huvutia kwake: mtetezi wa serikali huanza kuhesabu kwenye mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote, mpinzani huanza kwenye mwaka bora. Mchoro mmoja, hadithi mbili. Kubalianeni mwaka wa kuanzia kabla hamjaona namba. Kama mmeshaziona, angalieni mfululizo wote tangu miaka kadhaa kabla ya utawala huo, na muulizane kama mstari ulibadilisha mwelekeo au uliendelea ulikokuwa unaelekea.

Asilimia na pointi za asilimia. Ukosefu wa ajira ukitoka asilimia 10 hadi 15, umepanda pointi 5, na pia umepanda kwa asilimia 50. Mmoja atatangaza 5, mwingine 50, na hakuna aliyedanganya. Dai namba zote mbili za mwisho, yaani 10 na 15, na ugomvi unakwisha.

Mfumuko wa bei ndio unaopotosha wengi. Ukishuka kutoka asilimia 10 hadi 5, bei hazijashuka. Kitu kilichokuwa 100 kikawa 110, mwaka unaofuata kinakuwa 115.5. Anayesema "mfumuko umepungua nusu" yuko sahihi, na anayesema "vitu vimezidi kuwa ghali" yuko sahihi. Wanaitana waongo juu ya namba zinazokubaliana kabisa.

Jumla dhidi ya kwa kila mtu. Bajeti ya afya ikiongezeka kwa asilimia 20 wakati bei zimepanda asilimia 15 na watu wameongezeka asilimia 6, kila mtu amepata kidogo kuliko mwanzo: 1.20 gawanya kwa 1.15 × 1.06, unapata karibu 0.98. Hesabu hiyo ni ya dakika moja na inamaliza ubishi ambao ungechukua jioni nzima.

Baada ya hayo yote bado kutabaki mambo yasiyokatika kwa takwimu zilizopo, hasa ya "sera hii itatufikisha wapi". Hapo msibishane, tabirini. Kila mmoja aandike tukio linaloweza kuthibitishwa, tarehe ya mwisho, chanzo kitakachoamua, na uhakika wake kwa asilimia. "Hali itakuwa mbaya" haifai. "Kufikia tarehe fulani, takwimu rasmi za mfumuko zitazidi asilimia 8, nina uhakika wa asilimia 70" inafaa.

Alama zihesabiwe kwa njia aliyoitoa mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier mwaka 1950: chukua uhakika wako kama sehemu ya 1, toa 1 kama tukio limetokea au 0 kama halikutokea, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Ukisema 0.7 na ikatokea, unapata 0.09. Isipotokea, 0.49. Ukisema 0.9 na isitokee, 0.81. Anayesema 0.5 kila mara hupata 0.25 daima. Alama ndogo ndiyo nzuri. Utabiri mmoja hauthibitishi lolote. Chukueni angalau 20 ndipo mlinganishe wastani. Mtu ambaye wastani wake umezidi 0.25 angefanya vizuri zaidi kwa kukaa kimya na kusema "nusu kwa nusu" kila swali.

Faida yake kubwa huonekana hata kabla ya tarehe kufika. Mwombe mtu aliyesema "lazima nchi ifilisike" aweke asilimia, uone anavyotulia na kuanza kufikiri.

---

Kibatari amejibu:

Asanteni sana, hasa hilo la namba mbili za mwisho. Niliwahi kusoma pia kwamba ukimwomba mtu aeleze hatua kwa hatua sera yake inavyofanya kazi, msimamo wake hulegea. Je, hilo niliweke kwenye orodha? Na je, ni kweli kwamba ukimsahihisha mtu kwa ushahidi, huzidi kung'ang'ania uongo?

---

Nahodha amejibu:

Mkuu, yote mawili yamepata marekebisho, kwa hiyo uyashike kwa uangalifu.

La kueleza hatua kwa hatua lilitoka kwa Philip Fernbach na wenzake mwaka 2013. Waliona kwamba ukieleza sera inavyofanya kazi unagundua huijui vizuri, na msimamo unapoa. Mwaka 2021 yalichapishwa majaribio matatu ya kurudia kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ilisimama: watu walikiri kuelewa pungufu. Ya pili haikusimama: misimamo ilibaki palepale. Kwa hiyo tumia swali la "inafanyaje kazi?" kwa faida yake halisi, ambayo ni kuonyesha hatua iliyokosekana kwenye hoja, yako au ya mwenzako. Usilitumie ukitarajia kumsogeza mtu.

La ushahidi kumfanya mtu azidi kung'ang'ania lilienea kutokana na utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010. Thomas Wood na Ethan Porter walilipima upya kwa masuala 52 na watu zaidi ya 10,000, wakachapisha mwaka 2019. Karibu kila mahali sahihisho lilifanya kazi yake: watu walisogea kuelekea ukweli. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wamelifanya lile dai la mwanzo kisingizio cha kutojibu uongo. Msahihishe. Ila tofautisha mambo mawili: mtu anaweza kukubali namba sahihi na bado akapiga kura kama jana. Hajakataa ushahidi. Ushahidi huo haukuwa ndio uliobeba msimamo wake.

Kama lengo ni msimamo wenyewe, kuna kazi ya David Broockman na Joshua Kalla iliyochapishwa mwaka 2016. Watu walipita nyumba kwa nyumba Miami, mazungumzo ya kama dakika 10, kuhusu ubaguzi dhidi ya watu waliobadili jinsia. Wapigakura waliofuatiliwa walikuwa 501, na mabadiliko yalikuwa bado yapo miezi mitatu baadaye. Mazungumzo yale hayakuwa mahubiri. Mgeni aliuliza maoni, akasikiliza bila kuhukumu, akamwomba mwenyeji akumbuke siku yeye mwenyewe alipohukumiwa kwa jinsi alivyo, kisha wakarudi kwenye suala. Kazi yao ya mwaka 2020 ilitenganisha sehemu hizo: hoja peke yake, bila ule usikilizaji, haikuacha alama ya kudumu.

Nina neno moja pia kwa Mizani. Kanuni ya kurudia hoja ya mwenzako ni nzuri, ila isigeuzwe kuwa kanuni ya kukutana katikati. Mmoja akisema kura zilikuwa 1,000 na mwingine 3,000, ukweli hauna wajibu wa kuwa 2,000. Tazama fomu za matokeo. Kukata tofauti nusu kwa nusu humzawadia aliyeongeza chumvi zaidi, na akishalijua hilo ataongeza tena kesho.

---

Mizani amejibu:

Nakubali, Nahodha. Kuelewa hoja na kuikubali ni kazi mbili.

Nimalizie la lini kuacha, maana hatujaligusa. Hasira si dalili ya nia mbaya. Mtu aliyeumizwa na sera hukasirika na bado akawa sahihi. Kushikilia msimamo pia si dalili. Muulize: "Ni kitu gani kikionekana, uhakika wako utapungua?" Nawe utoe jibu lako kwanza, la sivyo swali linakuwa mtego. Akijibu "hakuna", bado usimhukumu. Inawezekana mmefika kwenye thamani, si kwenye ukweli wa jambo. Muulize basi ni nini asingekubali kukipoteza. Hapo mjadala unakuwa mwingine, na mara nyingi unakuwa bora.

Dalili za kweli ni hizi, na zote zinahitaji kumbukumbu ya maandishi ili usimsingizie mtu. Amehamisha goli: ulileta kile alichosema kitamtosha, sasa anataka kingine. Au anacheza na madai mawili, kubwa na dogo: anatangaza "tume yote imenunuliwa", akibanwa anasema "mimi nilisema tu kuna maswali kuhusu tume", ukiondoka anarudi kwenye lile kubwa. Mwanafalsafa Nicholas Shackel aliufafanua mchezo huo mwaka 2005. Mjibu kwa kumwuliza tu ni lipi kati ya mawili analolitetea leo, na liandikwe. Au tena, kila jibu lake ni "mbona na nyinyi?". Hilo lina haki yake pale mnapojadili kama kanuni inatumika kwa wote. Mkiwa mnajadili kama fedha zilipotea, halijibu kitu, kwa sababu fedha za upande mmoja zikipotea hazirudishwi na zilizopotea upande wa pili.

Mpe nafasi mbili za kurekebisha. Ya tatu, sema wazi mlipoishia na mnachotofautiana, na uache.

---

Kibatari amejibu:

Limebaki moja. Ukabila wenyewe. Mtu akisema "watu wetu tumetengwa kwenye ajira", mwenzake humwambia "acha ukabila" na mazungumzo yanafia hapo. Lishughulikiwe vipi?

---

Darubini amejibu:

Kwanza, kutamka kabila si ukabila. Kauli hiyo inaweza kuwa dai la ukweli linalopimika, na kulifunga kwa neno "ukabila" ni kumnyima mtu haki ya kupimiwa malalamiko yake. Lipime.

Hesabu nafasi kwa ngazi, usizichanganye. Wizara inaweza kuwa na uwiano mzuri kwenye jumla na kuwa na watu wa sehemu moja tu kwenye ngazi za juu zenye maamuzi. Kisha chagua cha kulinganisha nacho, maana hapa ndipo pande zote mbili hukosea. Anayelalamika hulinganisha na idadi ya watu wote. Anayetetea hulinganisha na walioomba. Tazama vigezo vitatu kwa pamoja: idadi ya watu, wenye sifa zilizotakiwa, walioomba. Kundi likiwa asilimia 12 ya watu, 11 ya wenye sifa, 11 ya walioomba, na 3 ya walioajiriwa, tatizo liko kwenye uteuzi. Likiwa 12 ya watu na 4 ya wenye sifa, tatizo limeanza shuleni, na kumlaumu mwajiri peke yake kutaliacha palepale. Likiwa 11 ya wenye sifa na 3 ya walioomba, uliza kwa nini watu hawaombi. Huenda tangazo haliwafikii, huenda wameshakata tamaa. Na nafasi zikiwa chache, tano au sita, asilimia hazina maana. Angalia miaka kadhaa.

Linalogeuka ukabila ni kuruka kutoka kundi kwenda kwa mtu. Hata kama watu wanane kati ya kumi wa kabila fulani walipigia chama kimoja, aliyesimama mbele yako anaweza kuwa wa tisa au wa kumi, na hata akiwa wa kwanza hajawa msemaji wa wengine. Kwa hiyo ondoa "nyinyi" kwenye sentensi zako zote. Badala ya "nyinyi mlipokuwa madarakani", taja nani, ofisi gani, mwaka gani. Sentensi isipobaki na maana baada ya kuondoa "nyinyi", haikuwa na dai ndani yake.

Na ukumbuke jinsi kundi linavyoundwa kirahisi. Henri Tajfel, mwaka 1970, aliripoti majaribio ya Bristol kwa wavulana wa miaka 14 na 15, waliogawanywa kwa bahati nasibu huku wakiambiwa kigezo ni jinsi walivyokadiria nukta kwenye skrini, au wachoraji waliowapenda, Klee na Kandinsky. Hawakujua nani mwingine yumo kundini mwao. Walipogawa malipo, walipendelea kundi lao, na mara nyingi walichagua tofauti kubwa kati ya makundi hata kama kundi lao lingepata kidogo kuliko ambavyo lingeweza kupata.

Swali la kuuliza kabla ya kutetea sera yoyote ya watu wenu, basi, ni hili, na liandikwe kwa namba: je, ningeitaka bado kama ingetupa 19 na kuwapa wao 25, badala ya kutupa sisi 7 na wao 1?